Wikendi ya Mfuaji Bora

Tangu aolewe, Bi Povu hakuwahi kulala kwenye shuka lililofuliwa na mtu mwingine. Kwa hiyo Ijumaa ile alipoingia kwenye chumba cha hoteli, mkoba ukiwa bado begani, jambo la kwanza alilofanya ni kuinua pindo la shuka, akalinusa, kisha akalisugua kati ya kidole gumba na cha shahada.

"Wanga umezidi," alisema. "Na hawakusuuza vizuri."

"Weka mzigo chini, mama wewe!" mwenzake alimcheka kutoka mlangoni. "Tumekuja kupumzika au kukagua?"

Mwenzake huyo kazini walimwita Kasuku, na jina halikuhitaji maelezo. Alianza kuongea basi lilipowashwa injini, na saa tano baadaye waliposhuka, abiria wa viti vitatu mbele na vitatu nyuma walikuwa wanawajua wajukuu zake wote, nani mtundu na nani hali mboga. Bi Povu naye jina lake alilipata mwezi wa kwanza kazini, miaka kumi na tisa iliyopita, alipotia vikombe sita vya sabuni badala ya viwili, mashine ikatapika povu mpaka kwenye ngazi za ofisi. Aliyemsaidia kulikomba lile povu kwa ndoo, huku akiongea bila kupumua, alikuwa Kasuku. Tangu siku hiyo mashine zao zilikuwa jirani, na wao wenyewe walikuwa chanda na pete.

Chumba kilikuwa kizuri, lazima tuseme ukweli. Vitanda viwili, pazia jeupe, kibaraza chenye meza na viti viwili, na bahari yote imetandazwa pale chini, inang'aa mpaka unalazimika kufumba jicho moja. Kasuku aliketi kibarazani, akavua viatu, akatoa daftari dogo mkobani na kuandika. Bi Povu hakuhitaji kuchungulia. Alijua kilichoandikwa: namba ya chumba, ghorofa ya ngapi, ufunguo uko wapi, dawa ya presha ameshakunywa au bado.

Alitazama pembeni. Kila daftari lile lilipotoka, alitafuta kitu kingine cha kutazama.

Zawadi hii ilikuwa ya Bi Povu. Kila mwaka kiwanda chao cha kufulia kilimchagua mfuaji mmoja ambaye hakuharibu hata kitambaa cha meza, na mwenye hoteli hii, ambaye hoteli zake za mjini kwao zilikuwa miongoni mwa wateja wakubwa, alimpa siku mbili za kulala na kula bure, yeye na mtu mmoja. Mumewe alikataa katakata. Alisema bahari ataiona kwenye televisheni, huko haina mchanga. Basi Bi Povu akamchukua Kasuku, na kiwanda kizima kikampigia makofi. Huo ndio urafiki, walisema. Wengine wangempeleka dada yao. Bi Povu alisimama pale katikati ya makofi akitamani ardhi ipasuke immeze, maana yeye peke yake ndiye aliyejua kwamba mwaka ule alikuwa ameharibu mashuka arobaini.

Ilikuwa hivi. Pale kiwandani kila mfuaji ana uzi wa rangi yake. Ukishamaliza kufua, unafunga mashuka yako bunda la arobaini, unapiga mishono mitatu kwenye fundo, na bunda linakwenda chumba cha pasi, ambako mashuka yanapitishwa kati ya roli mbili za moto, magogo ya chuma yanayozunguka. Likionekana na kasoro, hakuna anayeuliza nani kafua. Wanaangalia uzi tu. Uzi wa Bi Povu ni mwekundu. Wa Kasuku ni wa kijani.

Siku moja, miezi saba kabla ya safari hii, Bi Povu alikuwa anaumwa jino. Jino lile lilimpanda mpaka kwenye sikio, akawa anafanya kazi kama mtu aliyelala. Alitia dawa ya kung'arisha kwenye mashine. Baada ya muda akaitia tena, kipimo kizima, bila kukumbuka kwamba ameshatia. Mashuka yalitoka meupe kupita kiasi, akafurahi. Alipotaka kufunga bunda, uzi wake mwekundu ulikuwa umekwisha. Kasuku alikuwa ameitwa ofisini, aproni yake inaning'inia kwenye msumari, na sindano yenye uzi wa kijani imechomekwa mfukoni. Bi Povu aliichukua, akapiga mishono mitatu, akairudisha. Wafuaji wote hufanya hivyo wakiishiwa, na humwambia mwenye uzi. Yeye alikusudia kumwambia. Jino likamsahaulisha.

Mashuka yalipofika kwenye roli yalichanika kama karatasi iliyolowa, moja baada ya jingine, mpaka wapiga pasi wakazima mashine. Kesho yake msimamizi, mtu mfupi mwenye sauti ya watu watatu, alilibeba bunda lile na kulibwaga miguuni pa Kasuku.

"Uzi wa nani huo?"

Kasuku aliinama akatazama. "Wa kwangu," alisema. "Lakini mbona sikumbuki kulifua hili?"

"Hilo ndilo tatizo, mama. Hukumbuki!"

Watu wakacheka. Bi Povu alikuwa hatua mbili tu kutoka pale, na mdomo ameshaufungua. Tumwamini katika hilo, kwamba aliufungua. Lakini kabla sauti haijatoka, Kasuku alisema polepole, kwa namna ambayo hajawahi kusema kitu maishani mwake, "Labda ni mimi. Nitakuwa nimesahau." Bi Povu akaufunga mdomo. Jioni nitasema, alijiambia. Jioni ikafika, akasema kesho. Ikawa Jumatatu. Ikawa mwisho wa mwezi. Unajua mambo haya yanavyokwenda: siku ya kwanza ungetubu kosa la uzi, baada ya wiki mbili inabidi utubu na zile wiki mbili.

Kasuku aliondolewa kwenye mashine, akapelekwa kukunja vitambaa vya meza pamoja na wasichana wa mafunzo. Hilo pekee lingevumilika. Lililomvunja lilikuwa jingine. Mama yake mzazi alikufa akiwa hamjui mtu, na alianza hivyohivyo, kwa chungu kilichoachwa motoni. Kasuku akaanza kujichunga. Sisi sote tunaweka miwani tusipopajua, sisi sote tunaingia chumbani na kusahau tumefuata nini, tunacheka, tunaendelea na shughuli zetu. Ila mtu anayejichunga hacheki. Kila kitu kwake kinakuwa ushahidi. Akanunua daftari. Akaacha kupika mtu asipokuwepo nyumbani. Binti yake, kwa hofu, akaja kulichukua jiko la gesi.

Binti huyo ndiye aliyewasindikiza stendi. Alimshika Bi Povu mikono yote miwili. "Mama mdogo, nakukabidhi mama. Usimwache aingie majini peke yake, tafadhali. Sijui ningefanya nini bila wewe." Bi Povu alijibu kwamba asiwe na wasiwasi, kisha akajifanya anatafuta tiketi.

Jumamosi walikwenda ufukweni baada ya chai. Hoteli ilikuwa imepanga viti vya kulalia chini ya miavuli, na jua lilikuwa limewaka bila huruma, watoto wa wageni wanakimbia na ndoo za plastiki, wazee wamejipaka mafuta wanang'aa kama masufuria. Kasuku alivaa kofia pana aliyoazima kwa binti yake. Alijilaza, akanyoosha miguu, akaguna kwa raha.

"Povu, mwenzangu, hivi kumbe kuna watu wanaishi hivi?"

"Wapo."

"Na sisi tunawafulia taulo." Alicheka peke yake. "Leo acha na sisi tuchafue."

Mhudumu alipita na sinia. Kasuku akamwita, akamuuliza kwao wako wangapi, ameoa, kwa nini hajaoa, na alipomaliza mahojiano akashusha sauti. "Samahani, mwanangu. Hivi nimeshakuagiza maji ya matunda, au bado?"

"Bado, mama."

"Una uhakika?"

"Kabisa, mama."

Alifungua daftari akaandika. Bi Povu alisimama. Alisema anakwenda kulowesha miguu, akaenda mpaka maji yakamfika magotini, gauni amelikusanya mkononi, mgongo ameugeuzia ufukwe. Alilia pale, kwelikweli, na mtu yeyote aliyemwona alidhani ni chumvi imemwingia machoni. Alikuwa amemleta Kasuku huku kwa hesabu ya kijinga: kwamba atamlaza pazuri, atamlisha vizuri, Kasuku ataogelea, atacheka, na mambo yatakuwa yamelingana. Sasa kila alichomfanyia kiligeuka mwiba. Kasuku alishukuru kwa chai. Alishukuru kwa kitanda cha dirishani. Asubuhi alimshukuru kwa kumkumbusha dawa, dawa ambayo maisha yake yote alikuwa anaikumbuka mwenyewe.

Leo, aliamua. Sasa hivi. Akapiga moyo konde, akatoka majini na kwenda kusimama mbele ya kiti cha mwenzake, maji yanamchuruzika miguuni.

"Nina jambo."

"Sema."

Alimtazama. Kasuku aliinua ukingo wa kofia, uso wake umetulia, mdomoni ana mrija wa maji ya matunda. Bi Povu akageuka kutazama bahari.

"Yale maji," alisema. "Yana chumvi mno."

Kasuku alipaliwa. Alicheka mpaka mhudumu akaja kuangalia. "Saa tano kwenye basi! Saa tano, mwanamke mzima, unakuja kugundua bahari ina chumvi!" Alimsimulia mhudumu, akamsimulia na mama wa mwavuli wa pili. Bi Povu alicheka pamoja nao. Hakuwahi kujichukia kama alivyojichukia kwenye kicheko kile.

Alasiri, walipokuwa wanakula samaki wa kukaanga kwa mikono bila kujali wageni wenye uma, Kasuku aliacha kutafuna.

"Jumatatu naacha kazi," alisema.

"Nini?"

"Nimekata shauri. Binti ameshanitengenezea kitanda chumba cha watoto. Nyumba yangu atapangisha mtu. Bora niondoke nikiwa bado naijua njia ya kuondoka." Alisema kwa utani, lakini samaki hakumgusa tena. "Sikutaka kukuharibia safari, ila barua nataka uniandikie wewe. Wangu si mwandiko, utadhani kuku kapita. Kesho baada ya chai, sawa?"

"Usiwe na haraka," Bi Povu alisema. "Fikiria kwanza."

"Nimefikiri miezi saba, mwenzangu. Nimechoka kufikiri."

Usiku huo Bi Povu aliisikia saa ya ukutani ikipiga kila inachoweza kupiga, na zaidi ya hapo hakuna la kueleza.

Jumapili asubuhi mhudumu aliwaletea chai kibarazani. Kasuku alikuwa ameshaomba karatasi mbili na kalamu mapokezi. Alisukuma vikombe pembeni, akapangusa meza kwa kiganja, akamwekea Bi Povu karatasi mbele yake kama anavyomwekea mjukuu kazi ya shule.

"Andika. Kwa msimamizi. Salamu sana."

Bi Povu aliandika.

"Mimi ni mfuaji wako wa miaka kumi na tisa. Nakuomba uniruhusu niache kazi kwa sababu kichwa changu hakiko sawa." Alingoja kalamu imfikie. "Umeandika 'hakiko sawa'?"

"Nimeandika."

"Andika. Nakuomba radhi kwa mashuka arobaini niliyoyaharibu, ambayo mpaka leo sikumbuki..."

Kalamu ilisimama. Bi Povu aliitazama ncha yake. Alijaribu kuisogeza, akaona mkono hautaki. Miezi saba alikuwa amenyamaza, na kunyamaza si kitu, unakaa tu na mdomo wako. Lakini hili alitakiwa kuliandika kwa mkono wake, herufi kwa herufi, na mwandiko wake ni mzuri.

"Imeisha wino?" Kasuku aliuliza.

"Si wewe."

"Si mimi nini?"

"Yale mashuka. Niliyafua mimi. Dawa niliitia mara mbili mimi. Uzi wangu ulikuwa umeisha, nikachukua sindano kwenye aproni yako, wewe uko ofisini. Hukumbuki kulifua lile bunda kwa sababu hukulifua."

Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa, Bi Povu aliusikia ukimya wa Kasuku, na ukamtisha kuliko kelele za msimamizi.

"Siku ile niliitwa ofisini," Kasuku alisema hatimaye, taratibu, kama anayepapasa gizani. "Kujaza fomu ya likizo."

"Ndiyo."

"Aproni niliiacha kwenye msumari."

"Ndiyo. Sindano ilikuwa mfuko wa kushoto."

"Mfuko wa kushoto," Kasuku alirudia. "Nakumbuka. Nakumbuka!" Akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Kwa hiyo mimi ni mzima? Povu, kichwa changu ni kizima?" Alijipiga mapaja. Alicheka, machozi yanamtoka, akazunguka kibaraza kile kidogo mara mbili. Mhudumu alikuwa anapita chini na taulo. "Mwanangu!" alimpazia sauti. "Mimi ni mzima kabisa!" Mhudumu aliinua kidole gumba, asijue anapongeza nini.

Kisha akampigia binti yake simu, akaiweka sauti ya nje ili wote wawili wasikie. Alimweleza yote kwa pumzi moja, kwa haraka yake ya zamani, sindano, aproni, fomu ya likizo, jino. Binti alisikiliza mpaka mwisho.

"Yupo hapo?"

"Yupo."

"Mama mdogo, ni kweli?"

"Ni kweli, mwanangu," Bi Povu alisema.

Kulikuwa na sauti ya mtoto huko nyuma, kisha mlango ukafungwa.

"Ulikuja kwangu Pasaka," binti alisema. "Nilikupeleka jikoni, nikakuuliza, mama mdogo, wewe unakaa naye kutwa, unamwonaje mama? Unakumbuka ulinijibu nini?"

Bi Povu alikumbuka. Alikuwa ameomba usiku na mchana jibu lile lisikumbukwe na mtu mwingine.

"Ulisema, ni umri, mwanangu, tumzoee tu. Nikaenda kulichukua jiko lake siku ileile."

Hakutukana. Hakupaza hata sauti. Alimwambia mama yake kwamba atakuja kumpokea stendi, na simu ikakatika.

Kasuku aliokota kiti chake, akaketi. Furaha ilikuwa bado imemkaa usoni, haijajua pa kwenda, na chini yake kitu kingine kilikuwa kinapanda.

"Pasaka," alisema.

"Nisamehe."

"Ngoja. Nakuuliza kitu, na usinifurahishe. Nisingekuomba uniandikie barua hii, ungeniambia?"

Bi Povu alilitafuta neno ndiyo. Alilitafuta kwa dhati, kwa sababu lingemfaa, na kwa sababu mara nyingi, majini na kitandani, alikuwa ameapa. Lakini alijijua sasa. Alijiona Jumatatu, kwenye sherehe ya kumuaga Kasuku, akikusanya michango ya zawadi, akilia kuliko wote.

"Sijui," alisema.

"Mimi ningekuambia siku ileile. Kabla hawajalibwaga lile bunda."

"Najua."

"Kesho utasema kwa msimamizi, watu wote wakiwepo. Mimi nitakuwa nimesimama pale."

"Nitasema."

Kasuku alitikisa kichwa kukubali. Akachukua kofia ya binti yake, akateremka ngazi peke yake, akavuka mchanga mpaka kwenye maji, na hakuna aliyemkataza. Bi Povu alibaki kibarazani. Kutoka pale juu alimwona akitoka majini na kusimama karibu na mama wa mwavuli wa pili, mikono inarukaruka hewani, anasimulia, na yule mama anageuka polepole kutazama kwenye kibaraza chao.